Cherehani na Deni la Mihogo

Kibao cha wakili kilikuwa kidogo kuliko nilivyotegemea, na hilo peke yake lilinitia shaka. Kilining'inia kwenye kibaraza cha duka la nguo karibu na soko la Tabora, kimeandikwa kwa rangi nyeusi: Wakili. Kudai madeni, mikataba na mambo yote ya sheria. Nilikisoma mara mbili. Nikajiuliza, mtu anayejua mambo yote ya sheria kwa nini amepanga chumba kimoja nyuma ya majora ya kaniki? Zilikuwa nyakati za Mwingereza, miaka michache baada ya vita, nami nilikuwa mjane wa miezi mitatu mwenye mabinti wawili. Cherehani yangu ilikuwa nyumbani kwa mwanamume mwingine, na bila cherehani ile sikuwa na njia ya kuwalisha wanangu. Nikaingia.

Mimi ni mtu wa kushuku, sisemi kwa kujisifu. Nikiuziwa asali nataka kuonja ya chini ya debe, si ya juu. Nikipewa chenji naihesabu mbele ya aliyenipa, hata awe mchungaji. Wengine wanazaliwa na macho makubwa, mimi nilizaliwa na hili, na kwa miaka mingi niliona limenisaidia.

Cherehani yenyewe ilikuwa ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia ubavuni, na mpini wake wa kuzungushia ulikuwa na ufa. Niliinunua kwa fedha za maandazi. Kila treni ya mchana iliposimama stesheni nilikuwa pale na sinia langu, na faida niliifukia kwenye kopo chini ya mtungi wa maji. Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya reli, mtu mpole asiyeuliza. Sikumficha kwa kuwa alikuwa mbaya. Nilimficha kwa sababu mama yangu alinilea hivyo: fedha ikijulikana na wawili, wa tatu yuko njiani. Nilipokamilisha bei, mwenye duka akakataa kuandika jina la mwanamke kwenye risiti ya kitu cha thamani vile. Ikabidi mume wangu aje, aandikwe yeye. Siku hiyo ndipo alipojua kuhusu kopo. Alicheka mpaka akakaa chini, na risiti tukaiweka ndani ya Biblia.

Nikaacha maandazi nikashika kushona. Sare za shule, magauni ya Krismasi, mashati ya wafanyakazi wa reli. Mtaa wetu wote wa Chemchem ulijua mlio wa cherehani yangu. Kisha homa ikampata mume wangu, na siku ya nne tukamzika.

Hapo ndipo mtani anapoingia. Alikuwa Mzaramo, mwenzake wa karakana, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kuita punda. Wasiotujua niwaeleze kwa ufupi. Babu zetu Wanyamwezi walipokuwa wakiteremka pwani na pembe za ndovu vichwani, walipita Uzaramo, wakala huko, wakalala huko, wakagombana na kuoana. Baada ya yote hayo kilichobaki ni utani: ruhusa ya kutukanana bila kukasirika, na wajibu wa kuzikana. Mume wangu alikuwa akimwita mcheza ngoma ambaye shamba lake linalimwa na nyani. Yeye alimwita mume wangu punda wa Mwarabu. Walipendana sana.

Msibani alifanya kazi yake ya utani vizuri. Aliingia kaburini kabla ya jeneza, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe shilingi kwa kuwa kitanda ni chake. Wakampa, akatoka. Tuliporudi nyumbani akaingia chumbani kwangu, akatoka na cherehani kichwani. Akasimama katikati ya uwanja.

"Sikilizeni, enyi wabeba pembe!" alisema. "Babu yenu mmoja alipita kwetu na msafara, akala mihogo ya babu yangu shamba zima. Akasema atalipa akirudi. Akarudi kwa njia nyingine! Leo nachukua deni langu na riba yake."

Watu waliangua kicheko. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu aliyekuja kutoka Kigwa, alicheka hadi akashika ukuta. Na mimi nilicheka, machozi ya kilio bado yako mashavuni. Mtani akaondoka na cherehani yangu akipiga mbinja.

Hilo halikuwa jambo la ajabu. Kitu kinachochukuliwa na mtani msibani hukombolewa. Wafiwa hupeleka kuku au shilingi chache, mtani huwatukana kidogo, hurudisha kitu, na wote hula pamoja. Hakuna anayemdai mtani kwa ukali, wala hakuna ndugu anayeweza kumshitaki. Kufanya hivyo ni aibu kubwa kuliko wizi. Nilijua haya yote tangu utotoni.

Siku ya kuondoa matanga, watu wa Kigwa waligawana vitu vya marehemu. Baiskeli, saa, koti la reli, kitanda cha chuma, hata taa. Mimi nilikuwa nimezaa mabinti tu, kwa hiyo niliketi mkekani na kutazama vitu vikipita mlangoni. Walipomaliza, wote walirudi kwao isipokuwa shemeji mkubwa. Alisema atabaki kututunza mpaka wakati wa mavuno. Kututunza kwake kulikuwa kula ugali wangu, kulala kwenye mkeka wa sebuleni, na kuniuliza kila baada ya siku chache kama nimeshaamua arithi mji wa nduguye. Mji maana yake mimi.

Ni yeye aliyekwenda kuikomboa cherehani. Alichukua kuku wangu mmoja, jogoo mwekundu, akaenda nyumba za reli. Akarudi na jogoo yuleyule kwapani.

"Mtani wenu ana wazimu," alisema. "Anataka ng'ombe wawili na mtungi wa asali."

Baada ya wiki akaenda tena. Safari hii bei ilikuwa ng'ombe watatu, na wapagazi wa kuwasindikiza. Shemeji alijaribu kucheka lakini kilimtoka kikohozi. Tulimchinja jogoo tukamla wenyewe. Nikiwa natafuna paja, wazo likaingia: huyu mtu hana nia ya kurudisha.

Wazo la namna hiyo likishaingia kichwani kwangu, kila kitu hulilisha. Jumamosi mtani alipita barabarani mbele ya nyumba, hakuingia, akapaza sauti kutoka mbali, "Cherehani yangu inanenepa! Inanenepa!" Nikaona ananikejeli. Jirani akaniambia amemwona dukani akinunua mafuta ya cherehani. Nikaona anaitayarisha kuiuza. Kuna mtu akasema mtani aliuliza bei ya mpini mpya. Hapo sikuhitaji ushahidi mwingine, maana nani anatengeneza kitu cha watu bure? Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na huyu aliingia nguoni mwetu kwa kicheko.

Kwa nini sikwenda mwenyewe nyumbani kwake? Mjane mpya hachukui kuku akaenda nyumba ya mwanamume asiye ndugu, watu wangeniimba. Hiyo ndiyo sababu niliyowapa watu. Sababu ya kweli ni kwamba niliogopa atanichekesha tena.

Basi nikauza vitenge viwili na sufuria yangu ya harusi, nikafunga shilingi kwenye pindo la kanga, nikaenda kwa wakili.

Alikuwa Mhindi wa makamo, mzaliwa wa Tabora, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha shemeji yangu. Alisimama nilipoingia, akanipa kiti. Bomani kwa mkuu wa wilaya hatukuwa tukipewa viti. Nikafikiri, anataka nikae sana, na huyu anauza muda. Nikakaa ukingoni.

Nilimweleza habari ya cherehani. Alisikiliza bila kuandika, jambo ambalo pia sikulipenda. Kisha akaomba risiti, akaisoma pande zote mbili.

"Mama, cherehani ni ya nani?"

"Si umeshika risiti?"

"Risiti ina jina la marehemu. Nakuuliza wewe. Fedha ilikuwa ya nani?"

Nikatazama kalamu yake. Nikawaza: nikimwambia kwamba mimi, mwanamke wa Chemchem, niliweka fedha ya cherehani nzima chini ya mtungi, atajua nina uwezo, na ada itapanda hapahapa. "Ya nyumbani," nikajibu.

"Marehemu ana ndugu?"

"Hana."

"Hata mmoja? Kaka, mjomba, mtu wa ukoo anayeweza kudai mali yake?"

"Nimesema hana."

Wakati ule shemeji yangu alikuwa nyumbani kwangu anachokonoa meno. Lakini nilikuwa nimewaona hawa watu wa ofisi. Wakishajua kuna mwanamume katika jambo, mwanamke anageuka kuwa kivuli. Wakili angeniita siku mbili, ya tatu angemwita shemeji, na shemeji angempa jogoo mwingine, na ningejikuta nimemlipia mtu wakili wa kunishitaki mimi. Ndivyo nilivyopanga hesabu yangu. Wakili akachovya kalamu.

"Nauliza kwa sababu," alisema, "kama wapo, tungeandika kwa namna nyingine."

"Andika namna hiyohiyo."

Ada yake ilikuwa shilingi ishirini, kumi mwanzo na kumi mwisho. Nilifungua pindo, nikahesabu kumi mezani, naye akazifungia kwenye saraka. Alipokwishageuza ufunguo ndipo aliponiambia kwamba barazani hataingia.

"Huingii?"

"Kesi ya Mwafrika kwa Mwafrika inakwenda baraza la wenyeji, mama. Serikali hairuhusu wakili kusimama mle. Mimi nitaandika barua ya madai na maelezo ya kesi. Utasema mwenyewe."

Nilitaka kunyanyuka na shilingi zangu, ila zilikwishalala. Nimekodi jogoo asiyeruhusiwa kuwika! Baadaye nilikuja kuuliza watu, wakaniambia ni kweli kabisa, ndiyo sheria ilivyokuwa, wala hakunidanganya. Siku ile sikuuliza mtu. Nilitoka nimefura.

Pale mlangoni aliketi karani wake, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimuuliza kwao ni wapi.

"Pwani, mama."

"Pwani ni kubwa."

"Kisarawe."

Mzaramo! Barua ya kumdai Mzaramo itapita mikononi mwa Mzaramo. Sikumwambia kitu, lakini nilimtazama mpaka akavua miwani akaipangusa.

Wiki moja ilipita. Nikaenda kuuliza, wakili hayupo, karani akasema barua bado. Nikamuuliza bado nini, wino umekauka? Akachungulia nje kwanza, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, kuna barua ambazo zikichelewa haziozi. Hebu mwone mwenye kitu chako wewe mwenyewe. Usimtume mtu. Nenda wewe."

"Umetumwa?"

"Sijatumwa na mtu. Nakushauri tu."

"Nani amekulipa unishauri?"

Nikatoka, nikafanya kama naelekea nyumbani, kisha nikazunguka upande wa soko nikasimama kwenye wauza tumbaku. Haikupita muda. Karani alitoka, akavuka, akaketi kwenye benchi la muuza kahawa. Aliyeketi pembeni yake alikuwa mtani wangu, na sare yake ya karakana. Waliongea vichwa vimekaribiana, wala hawakucheka. Wazaramo wawili wanaongea bila kucheka! Nilikuwa nimewakamata.

Nilirudi ofisini, nikamsubiri wakili mpaka alipokuja, na mbele ya wateja wawili nikasema yote kwa sauti: karani wako anakunywa kahawa na mdaiwa wangu, karani wako ameikalia barua yangu, karani wako ananiambia niache kesi. Wakili alimwita ndani. Sikusikia walichosema, ila karani alitoka macho chini, na barua ikasainiwa nikiwa nimesimama palepale. Nilidai isipelekwe na karani, ipelekwe na tarishi wa baraza, na nakala ibaki barazani isomwe mbele ya watu. Wakili akakubali. Nilirudi Chemchem nimenyoosha shingo. Nilijiona mwanamke hodari kuliko wote walio kwenye njia ya reli.

Siku ya kesi baraza lilijaa. Habari ya mjane anayemshitaki mtani wake ilikuwa imefika Kigwa na Igunga, na watu walikuja kama wanaokuja mnadani. Shemeji naye alikuja. Sikumwalika. Alisikia kwa majirani, akavaa koti la reli la marehemu, akakaa benchi la nyuma. Asubuhi ile hakuniuliza neno, na kunyamaza kwake sikukuangalia vizuri, kwa kuwa macho yangu yote yalikuwa kwa mtani.

Mtani alileta cherehani kama alivyoamriwa, imefungwa ndani ya gunia safi. Akaiweka mbele ya hakimu taratibu.

Mwandishi akasoma barua ya wakili. Ilikuwa barua nzuri, hata leo nasema hivyo. Ilisema cherehani ya mkono, mali ya marehemu, kwa ushahidi wa risiti yenye jina la marehemu, inashikiliwa bila haki, na irudishwe katika mali ya marehemu au ilipwe thamani yake. Kila iliposema mali ya marehemu niliitikia kwa kichwa.

Hakimu, mzee mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono, akamgeukia mtani.

"Uliichukua?"

"Niliichukua, mzee. Babu yao alikula mihogo yetu."

Baraza zima likacheka. Wazee wa baraza wakacheka. Mmoja akauliza mihogo ilikuwa mingapi. Mtani akasema shamba zima, na majani, na kwamba bei yake ni ng'ombe watatu, na mdai akiwa na haraka aanze na mmoja. Kicheko kikaongezeka. Hakimu akafuta macho, akanigeukia kwa upole kabisa.

"Mama," alisema, "alipoichukua wewe ulifanyaje?"

"Nilicheka."

"Ulicheka. Basi hili ni jambo la utani, na utani hatuuhukumu hapa. Nendeni mkamalizane nyumbani. Unakubali kwamba ni utani?"

Nakumbuka sakafu ya baraza, ilikuwa ya saruji na ina ufa uliopita chini ya miguu yangu. Nakumbuka mtani akinitazama. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama kwa nguvu, kope hazipepesi, na kichwa chake kilikwenda chini mara moja, kidogo sana, kama mtu anayemwambia mwenzake itikia. Niliiona ishara ile. Niliiona vizuri. Nikasema moyoni: anaomba nimwokoe, sasa ameogopa.

"Sikubali," nikasema. "Si utani. Ni wizi."

Vicheko vilikatika. Huko nyuma mwanamke mmoja alimwita mama yake, "Mayu wee!" na mwingine akamnyamazisha. Mtani aliinamisha kichwa. Mpaka leo sijawahi kuona mtu mrefu akiwa mfupi namna ile.

Hakimu akavuta barua ya wakili karibu.

"Kama mwenyewe anasema si utani," alisema, "basi tufuate karatasi. Karatasi inasema mali ya marehemu. Mtani, una la kusema?"

"Sina, mzee."

"Cherehani irudi katika mali ya marehemu. Marehemu ana ndugu hapa?"

Benchi la nyuma likatoa mlio. Shemeji alikuwa amesimama, amefunga vifungo vyote vya koti.

"Nipo, mzee," alisema. "Mimi ni kaka yake, baba mmoja mama mmoja. Tuligawana vyote isipokuwa hicho, maana tuliona kimekwenda kwa utani na sisi hatuwezi kumdai mtani. Lakini kama utani umekufa, basi kilichobaki ni changu."

Nilipiga kelele. Nilisema cherehani ni yangu, niliinunua mimi kwa maandazi, kwa kopo chini ya mtungi, muulizeni mwenye duka, waulizeni watu wa stesheni. Nilisema yote ambayo wakili alitaka kuyasikia na mimi nikayabana. Hakimu alinisikiliza mpaka nikakosa pumzi. Akainua barua kwa ncha za vidole.

"Mama, hii ni karatasi yako. Uliilipia. Sisi tufanyeje?"

Jambo likaisha kwa dakika chache. Shemeji alitia alama ya dole gumba, akalifungua gunia kuhakikisha, na hapo nikaiona. Ilikuwa inang'aa. Mafuta mapya kila mahali, na mpini mpya wa mbao ngumu, umechongwa na kupigwa msasa, mahali pa ule wenye ufa. Aliibeba begani moja kwa moja hadi stesheni. Treni ya kwenda Kigwa ilikuwa ya mchana uleule, na yeye hakungoja tena mavuno wala jibu langu. Alikuwa amepata alichokuwa akikingoja.

Nilikwenda kwa wakili kulipa shilingi kumi za mwisho, kwa kuwa nilishinda kesi. Alisikiliza, akapangusa kalamu yake muda mrefu.

"Mama, nilikuuliza kama ana ndugu," alisema.

"Uliniuliza."

Hakuzipokea shilingi. Nikaziacha mezani, nikatoka, nikampita karani pale mlangoni bila kuweza kumtazama. Kwa miaka minne baada ya hapo nilishona kwa sindano ya mkono, vifungo na pindo na viraka, vitu ambavyo watu hawalipii sana. Binti yangu mkubwa aliacha shule mwaka wa kwanza wa hiyo minne. Nalisema hili bila kulizungusha kwa sababu ni mimi niliyelitenda.

Lakini nimeruka jambo moja. Siku ile ya hukumu, kabla sijafika kwa wakili, nilimkuta mtani nje ya baraza. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, kofia magotini, na ni sisi wawili tu tuliobaki, watu wengine wamekwenda kutazama cherehani ikipanda treni. Nikamuuliza kuhusu mpini.

"Ule wa zamani ungekuumiza mkono," alisema. Kisha, bila kuniangalia, akanieleza. Siku ya msiba alikuwa amekaa nyuma ya nyumba na watu wa Kigwa, akawasikia wanagawana vitu hata kabla ya jeneza kufika. Cherehani ilikuwa ya kwanza kutajwa. Akaona kuna mtu mmoja tu anayeweza kuitoa mle ndani mchana kweupe na hakuna ndugu atakayethubutu kuidai, na mtu huyo ni mtani. Shemeji alipoleta jogoo, alipandisha bei. Kila akirudi, angeipandisha. Alipopata fununu ya barua, yeye mwenyewe ndiye aliyemwendea karani kumwomba isitoke. Siku shemeji atakapopanda treni kurudi Kigwa, jioni ile angeniletea cherehani yangu na kunitukana ukoo mzima.

Nilisimama pale juani.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Neno moja tu. Ungemtuma hata karani akaniambia."

Aliinua uso akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliniita kwa jina la binti yangu mkubwa, mama fulani, kwa heshima, kama mtu anavyomwita mke wa mgeni.

"Ningekuambia," alisema, "ungeniamini?"

Nilifungua mdomo nimwambie ndiyo. Nilikuwa nimesema uongo mwingi mwezi ule, mmoja zaidi usingenizidia mzigo. Nikakumbuka karani na uzi wa miwani yake, nikakumbuka kile kichwa kilichoinama kidogo barazani.

"Hapana," nikasema. "Nisingekuamini."

"Basi," akasema. Akavaa kofia, akavuka barabara, akarudi karakana kazini.